Kitalu wakati wa kaskazi: nani aliyeua miche yako?

Kuanzia Desemba mpaka masika yashike mwezi wa nne, huku Gede, pwani ya Kenya, tunaishi na kaskazi. Jua halina huruma, visima vinapunguza maji na kuongeza chumvi, na kila jani lililo nje ya ua limegeuka rangi ya mchanga. Ndani ya ua wangu kuna miche kama elfu tatu inayomwagiliwa asubuhi na jioni. Sasa jiweke mahali pa kima, au pa konokono, au pa nyuki. Utakwenda wapi?

Jambo hilo lilinichukua misimu mitatu kulielewa. Wakati wa kaskazi kitalu si jamvi la chakula tu kwa wanyama, ndicho kisima chao. Na kwa kuwa wanaonekana wakiingia na kutoka, wao ndio wanaobebeshwa lawama ya kila mche unaokufa, hata ule uliouawa na mwenye kitalu mwenyewe. Nikikumbuka miche niliyoitupa, mingi niliiua mimi kwa maji, kwa mfuko au kwa samadi. Mnyama alikuja baadaye kumalizia.

Kwa hiyo nimepanga mambo haya kwa dalili, kama fundi wa pikipiki anavyouliza "inafanyaje?" kabla hajashika spana. Zunguka kitalu mara mbili: alfajiri kabla ya kumwagilia, na usiku mwendo wa saa tatu ukiwa na tochi. Beba kisu, karatasi nyeupe na kijiti kikavu cha urefu wa kiganja. Dawa ya kupuliza iache dukani kwanza.

Imelegea saa saba mchana, jioni imesimama

Hayo si maradhi. Majani yanapoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoweza kuvuta, basi mche unajikunja kupunguza hasara. Choma kijiti kwenye mfuko. Kikitoka na udongo uliokiganda, maji yapo, na ukimwaga mengine unaizamisha mizizi bure. Tazama juu badala ya chini: makuti uliyotandika mwaka jana sasa yana matundu ya kupitisha mkono. Ongeza makuti au weka neti.

Ila miche inayokaribia kuuzwa usiifiche kivulini mpaka siku ya mwisho. Izoeshe jua kidogo kidogo kwa wiki mbili tatu. La sivyo mteja ataipeleka Mambrui, aipande kwenye uwanja mweupe usio na mti, na siku ya nne atakupigia simu kukuambia umemuuzia vitu vibovu.

Imelegea tangu alfajiri, na jana jioni nilimwagilia

Hapa toa mhanga mche mmoja. Chana mfuko kwa kisu kutoka juu mpaka chini, uufungue kama unavyomenya muhogo, halafu tazama.

Mara nyingi utakuta sehemu ya juu, upana wa vidole viwili, imelowa vizuri, na chini yake ni vumbi tupu. Samadi ikishakauka kabisa haipokei maji tena. Yanateleza kati ya udongo na plastiki, yanatokea kwenye matundu ya chini, na wewe ukiyaona yanadondoka unasema mche umeshiba. Dawa yake si mpira wa maji, ni beseni. Zamisha mfuko mzima. Mapovu yatapanda, mwanzo kwa fujo kama chungu cha wali kinachochemka, kisha mojamoja. Yakikoma, toa mfuko, uache uchuruzike. Ni kazi ya kuvunja mgongo, na mwaka jana mimi na kijana wangu wa kazi tulitumia siku mbili nzima kwa safu ya miembe peke yake. Ila baada ya hapo udongo ulianza kunywa wenyewe. Ukitaka kuepuka mateso hayo, usiache mfuko ukauke mpaka uwe mwepesi mkononi, na tandaza makapi ya mpunga au majani makavu juu ya udongo.

Ukikuta udongo umelowa mpaka chini, mizizi ni myeusi, ganda lake linavuka ukilivuta kwa kucha na harufu ni ya mtaro, basi umeuua mche kwa mapenzi. Punguza maji, toboa matundu zaidi ubavuni karibu na kitako cha mfuko, na safari ijayo ongeza mchanga kwenye mchanganyiko. Mchanga wa mtoni, si wa ufuoni. Wa ufuoni ni wa bure lakini una chumvi, na nimeshamwona mtu akijaza mifuko mia nne kwa mchanga huo kisha akamlaumu jongoo.

Jambo la tatu ni mzizi mkuu kutoboa mfuko na kuzama ardhini. Mche huo huwa mzuri kuliko wenzake wote, unaupenda, unauonyesha kwa wateja. Siku unapouinua, mzizi unakatika, na kesho yake mche umelala. Inua mifuko kila baada ya wiki mbili tatu, kata vimizizi vinavyochungulia vikiwa bado vyembamba kama uzi, kisha mwagilia.

Na kama iliyolegea ni safu ya mwisho tu, ile ya upande wa magharibi, acha kuchana mifuko. Nenda saa tisa alasiri, weka kidole ubavuni mwa mfuko mweusi unaopigwa na jua. Ukishindwa kukiacha hapo, jua kuwa mizizi nayo imeshindwa. Panga makumbi ya nazi yasimame kama ukuta upande huo. Huku makumbi hayanunuliwi.

Majani yanaungua kingoni

Ncha ya jani inageuka kahawia, kahawia inashuka kingoni pande zote mbili, na katikati pamebaki kijani. Tazama pia juu ya udongo na kwenye mdomo wa mfuko: kuna utando mweupe kama chumvi ya papa mkavu? Basi ni chumvi ya maji.

Mwaka wangu wa pili kisima kilipungua, nikaanza kununua maji ya mkokoteni, mitungi ya lita ishirini. Niliambiwa ni maji matamu. Wiki ya tatu michungwa ikaanza kuungua, nami nikapuliza dawa ya ukungu mara mbili. Hela ikaenda, hali ikazidi. Siku hiyo mke wangu alipika chai kwa maji ya mtungi uleule, nikanywa funda moja. Chumvi. Sikuwa nimeyaonja hata mara moja, mimi niliyekuwa nikiwanywesha michungwa kila siku.

Kwa hiyo onja kwanza, maana ulimi ni kipimo cha bure. Halafu fahamu kisima cha pwani kilivyo: maji matamu ya mvua yanaelea juu ya yale ya chumvi kwa sababu ni mepesi. Ukivuta kwa pampu kwa nguvu na kwa muda mrefu, ya chini yanapanda. Vuta kidogo asubuhi, pumzika, vuta kidogo jioni, weka kwenye tangi. Usichimbe zaidi kwa tamaa. Chini ya maji matamu kuna chumvi.

Kama huna budi kutumia maji ya chumvichumvi, usimwage kidogokidogo. Kila tone linaacha chumvi yake nyuma likikauka, na vikombe vidogo vya kila siku vinaijaza mifuko taratibu. Mwaga mpaka yatiririke chini, yaondoke na chumvi ya jana. Usilowanishe majani. Na gawa maji kama unavyogawa kitoweo kwa wageni na wenyeji: ya mvua na ya mfereji wape michungwa, mindimu, miembe na miparachichi, maana hao hawavumilii, ya kisima wape minazi, mivinje, mikomamanga na maboganvilia. Mti wa parachichi ukiletewa maji ya Gede ya mwezi wa pili, hata kumwagilia ni kuufanyia uadui.

Kama jani limeungua upande mmoja tu, ule unaotazama baharini, lawama si ya kisima. Ni upepo wenye chumvi, na dawa yake ni ua la makuti. Na kama jani halijaungua bali limefifia, lina vidoto vingi vya manjano kana kwamba limechomwa sindano, likung'ute juu ya ile karatasi nyeupe. Vumbi likianza kutembea, ni utitiri. Hupenda joto na ukavu. Piga maji kwa nguvu chini ya majani, si juu, asubuhi siku tatu mfululizo, kisha mafuta ya mwarobaini jioni. Ile dawa kali inayoua kila kitu inaua pia wadudu wanaokula utitiri, na baada ya siku kumi utitiri hurudi kwa wingi kuliko mwanzo.

Mivinje ni ya manjano na haikui

Hapa Malindi mvinje ni akiba ya benki. Mtu anapanda ekari, baada ya miaka michache anauza fito na nguzo za kujengea. Basi kitalu kisichokuwa na miche ya mvinje kina kasoro, na mvinje wa manjano ndio unaonifanya nitembelewe na wenye vitalu wenzangu kuliko jambo lingine lolote. Wameweka samadi, wameweka mbolea ya dukani, bado mche una urefu wa kalamu.

Ng'oa mmoja, osha mizizi. Mvinje mzima una vinundu mizizini, vishada vidogo vya kahawia. Humo wanaishi bakteria wa aina ya Frankia, ambao wanaichukua naitrojeni ya hewani na kumlisha mti. Udongo wa kununua, au ule uliochotwa shimoni, hauna bakteria hao. Nenda chini ya mvinje mzee, fukua upana wa kiganja, chota karai moja la udongo wenye vimizizi na vinundu, uchanganye kwenye udongo wa mifuko. Mimi huponda vinundu kwenye ndoo ya maji na kuinyunyiza miche iliyokwisha kuota. Baada ya majuma kadhaa rangi inageuka. Wazee walikuwa wakichota udongo wa chini ya mvinje zamani bila kumsikia huyo Frankia.

Ukichota udongo huo utakutana na majongoo, yale makubwa meusi yenye miguu myekundu. Yaache. Jongoo hali mche mzima, anakula kilichokwisha kuoza. Ukimkuta kwenye shina lililokatika, amefika kwenye matanga, hakuua. Rene Haller, mtaalamu wa kilimo, alipoanza mwaka 1971 kupanda miti kwenye machimbo ya saruji ya Bamburi, Mombasa, mvinje ulikuwa miongoni mwa miti michache iliyokubali jiwe lile tupu, lakini sindano zake zilizoanguka zilikuwa zikikaa tu bila kuoza. Aliyezigeuza kuwa udongo ni jongoo huyuhuyu, aliyeletwa kwa kusudi.

Kama mbegu za mvinje hazikuota kabisa, piga magoti utazame. Ni nyepesi mno, na sisimizi wanazibeba safu kwa safu kama makuli bandarini. Weka trei juu ya meza, na kila mguu wa meza uusimamishe ndani ya kopo lenye maji na tone la mafuta.

Majani yameliwa

Usiulize nani kwanza. Uliza yamekatwaje.

Tundu lenye kingo za kuchanikachanika, na kando yake njia inayong'aa kama ute wa bamia uliokauka, ni konokono. Huyu wetu mkubwa, ambaye sasa anawasumbua watu nchi nyingi za ng'ambo, kwao ni hapahapa Afrika Mashariki. Kaskazi ikikaza, konokono wa porini hujifungia ndani ya gamba na kulala. Wa kitaluni halali, kwa sababu wewe unamnyeshea mvua kila jioni. Tandika vipande vya mbao au makuti mabichi chini kati ya safu, asubuhi vigeuze. Watakuwa wamejibanza huko. Waokote kwa glovu au mfuko, kisha osha mikono kwa sabuni, maana hubeba minyoo inayotoka kwa panya na inayoweza kumdhuru mtu. Na hamisha kumwagilia kwa jioni kuwe kwa asubuhi, angalau kwa miche midogo, ili usiku sakafu iwe kavu. Mimi nilipofanya hivyo tu, ndoo ya konokono ikashuka mpaka kopo.

Kipande cha mviringo kilichokatwa ukingoni mwa jani la waridi au boganvilia, kisafi kama kilichokatwa kwa sarafu: huyo ni nyuki anayekata majani ajengee vyumba vya watoto wake. Hali jani, na mche haufi. Mwache. Mteja akilalamika mwambie ni nakshi.

Kwenye mindimu na michungwa utaona kitu kama mavi ya ndege juu ya jani. Kiguse kwa kijiti. Kikichomoza pembe mbili nyekundu na kutoa harufu kali, ni kiwavi wa kipepeo. Wanne wanamaliza mche kwa siku mbili. Ila mimi siwaui, nawahamishia kwenye mlimau mzee nyuma ya choo. Sababu moja ni uvivu, ya pili ni ujirani: hapa Gede tangu 1993 kuna mradi wa Kipepeo, ambao unanunua pupa kwa wakulima wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke na kuziuza ng'ambo. Si kila kipepeo ana soko, lakini ukishaona jirani analipia karo kwa viwavi, mkono unakuwa mzito kuwaponda.

Majani yaliyoshonwa pamoja kama kifuko ni nyumba ya maji moto. Ukikigusa utajua jina lilitoka wapi. Kwenye mwembe na mkorosho mkubwa maji moto ni askari, anafukuza wadudu wanaonyonya matunda machanga. Kwenye kitalu ana kasoro moja: anawafuga vidung'ata, wale weupe kama unga, anywe sukari yao. Mimi nakata kile kifuko kwa mkasi mrefu na kukitundika kwenye mwembe mkubwa ng'ambo ya ua. Fanya alfajiri, na funga suruali miguuni.

Shina limekatika usawa wa udongo

Ukiona njia ya tope imepanda shinani, ni mchwa. Mchwa hufuata ukavu na samadi isiyoiva. Samadi iliyokaa chini ya kivuli, ikageuzwa na kulowanishwa mpaka ikapoa na kuacha kunuka, haimwiti. Ile ya juzi kutoka zizini inamwita kwa jina. Kama hakuna tope na shina limekatwa safi, chimbua kina cha kidole kimoja kuzunguka mche: kiwavi mnene wa kijivu amejikunja humo kama pete. Mtoe, mpe kuku.

Mifuko imeangushwa, mingine imepasuliwa, bomba lina meno

Hapa ndipo watu wanapotaka bunduki. Nami nilitaka.

Msimu wangu wa kwanza niliamka nikakuta mifuko kama hamsini imelala chali. Kima walikuwa juu ya ukuta, wametulia, kama watu waliomaliza kula pilau ya harusi. Nikamwendea jirani yangu, mzee wa Kigiriama aliyekuwa akilima hapa kabla mimi sijazaliwa.

"Babu, hawa kima watanifilisi."

Akaja. Hakusema kitu. Akaokota mfuko mmoja uliopasuliwa, akauminya, akaugeuza.

"Mjukuu wangu, kima hali udongo. Huu ameung'ata wapi?"

Ulikuwa umeng'atwa chini kabisa, palipolowa. Miche yenyewe, ukiitoa ile michache iliyovunjika kwa kuanguka, ilikuwa na majani yake yote.

"Na hilo bomba lako," akasema, "ana ugomvi gani nalo?"

Walikuwa na kiu. Basi nikaweka karai la maji, na nikafanya kosa la pili: niliweka hatua tano kutoka langoni, ili nisibebe ndoo mbali. Wakanywa, wakamaliza, na kwa kuwa walikuwa wameshafika wakaingia kuonja mipapai. Sasa karai liko mita hamsini hivi kutoka kitaluni, chini ya mkwaju, upande wanaotokea wao, na hujazwa alfajiri kabla sijafungua maji ya miche. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko unavyodhani. Anayekuta maji njiani hana haja ya kutafuna mpira wako. Sikuambii wameacha kuja kabisa. Ninachojua ni kwamba sijanunua bomba jipya tangu hapo.

Tofautisha wanaokuja. Kima, yule mweusimweusi mwenye shingo nyeupe, huja wachache wachache na kuchuma vikonyo na maua. Wale wa karibu na magofu ya Gede wamezoeshwa ndizi na wageni, hivyo hawamwogopi mtu. Tumbili ni mwepesi zaidi na huvuta mche kwa ncha, ukikuta miche imeng'olewa na kutupwa bila kuliwa mshuku yeye. Nyani ni habari nyingine. Nyani hana kiu tu, anajua kuwa chini ya mche mchanga wa mwembe kuna kokwa na chini ya mche wa mnazi kuna nazi, na hufukua akala kiini cha ndani. Karai la maji halimtoshi. Kwa nyani funika vitanda vya mbegu kwa wavu wa chuma uliofungwa pande zote, jiwe juu halitoshi kwani analiondoa, na awepo mtu saa za asubuhi na alasiri wanapopita. Sanamu ya mtu hudumu siku mbili. Siku ya tatu wanaikalia.

Sumu na mitego usifikirie. Sheria ya wanyamapori ya 2013 hairuhusu, na sumu unayomtegea nyani anaila mbwa wa jirani kwanza. Kundi likikuzidi, taarifu ofisi ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori.

Komba, yule mwenye macho makubwa anayelia usiku kama mtoto, anasingiziwa mengi. Anafuata utomvu, matunda na tembo la mgema, ndiyo maana mlevi akipita tunasema amelewa kama komba. Mche wako hana haja nao.

Nyuki wamejaa kwenye mfereji, kijana anaogopa kumwagilia

Huo nao ni ukame. Ziba pale panapovuja, kisha waweke wao mahali pao: sahani pana, mawe au makumbi ndani ili wasizame, kivulini, na isikauke hata siku moja. Ikikauka siku moja wanarudi mferejini, nawe utaanza upya.

Vishimo vidogo asubuhi

Kama ganda la mbegu limeachwa pembeni, ni panya, na trei zipande mezani. Kama ni mikwaruzo tu kwenye majani makavu na hakuna kilicholiwa, huenda ni kuku wa jirani, huenda kanga, na kwa sisi tunaopakana na msitu huenda ni sange, yule mwenye pua ndefu na kiuno cha rangi ya dhahabu, akitafuta wadudu. Ukimwona huyo hesabu umebahatika, wengine huja kutoka Ulaya kumtafuta.

Ila usitie mkono kati ya mifuko kabla hujatazama. Ubaridi wa kitalu unawaita vyura na panya, na hao wanamwita nyoka. Sogeza mfuko kwa fimbo yenye ndoano kwanza, vaa viatu vya kufunika mguu, na swila akiinua kichwa rudi nyuma taratibu, ukilinda macho, maana wapo wanaotema. Kule Watamu kuna kituo cha Bio-Ken, wao kazi yao ni nyoka. Aliyeumwa apelekwe hospitali mara moja. Usikate jeraha, usifunge kamba.

Mbegu haziji

Nyingi zimekufa kabla hazijafika kwako. Mbegu ya mwarobaini hupoteza uhai ndani ya majuma machache, kwa hiyo ya mwaka jana ni ya kutupa. Kokwa la embe vilevile: lipasue ganda la nje kwa uangalifu, toa kiini, panda mbichi, mgongo wake uliopinda ukitazama juu. Mbegu za papai zisugue mpaka ule utelezi utoke wote. Nazi usiifukue kutazama. Inachukua miezi, na wewe una haraka.

Kila kitu kimeliwa usawa mmoja, kama kimepitiwa na panga

Asmini iliyokuwa ikingojwa na mama mmoja wa Mambrui kwa vikuba vya harusi, mirehani, mipapai, yote imenyolewa usawa wa paja. Hakuna njia ya ute, hakuna tope, hakuna mfuko uliopasuka. Ukitazama chini utaona vidonge vyeusi vimetawanyika.

Huyu si mnyama wa porini. Ni mbuzi, na kwa hasara niliyopata ameshinda kima, konokono na nyani wakijumlishwa. Hashughuliki na kiu wala msimu. Kamba ya mkonge anaitafuna na komeo la mbao analisukuma kwa pua mpaka litoke. Nilichoishia kuweka ni pete ya chuma iliyokatwa kwenye rimu ya baiskeli, inayovishwa juu ya nguzo mbili za lango, juu kuliko anapofika akisimama kwa miguu ya nyuma. Pima kwanza anafika wapi. Wangu anafika mita moja na nusu, na si wangu.